Mtoto wa Iguhu na barua isiyoandikwa

Mtoto akitimiza miaka mitatu hajasema neno, majirani humsemea. Huku kwetu pwani wataambiana kuwa ana jini, au kuwa mamake alipita mahali saa za magharibi naye ni mja mzito, au kuwa ni deko tu, bibi yake kamharibu. Na ikiwa mtoto mwenyewe hatulii, huingia na kutoka kama aliyemwagiwa upupu, basi dawa yake ni moja: kakosa fimbo. Bara nako yako maneno yake. Kila mtu ana jina la kumpa mtoto huyo, na mara nyingi wa mwisho kumwona ni yule afisa aliyeajiriwa na Serikali kwa kazi hiyo hasa ya kumpima.

Mambo haya nataka kuyatazama kutoka Iguhu, na msomaji wa Mombasa au Lamu ana haki ya kuniuliza, kwa nini Iguhu? Iguhu ni mahali pa Waidakho, kusini ya mji wa Kakamega. Wachunguzi wa malaria wanapajua sana kwa sababu ya miaka mingi ya kuhesabu mbu katika mabonde yake. Wapenzi wa ngoma wanawajua Waidakho na ndugu zao Waisukha kwa isukuti, iliyotiwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya mila zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Wala kaunti hiyo si ngeni kwetu: ndiyo yenye Mumias, kituo cha misafara ya Waswahili katika karne ya 19, ambako Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, aliingia katika Uislamu. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Iguhu ina hospitali yake ya serikali. Shule zipo, na hospitali kubwa ya kaunti iko mjini Kakamega, si safari ya kulala njiani. Mtu hawezi kusingizia jangwa wala kisiwa. Likimshinda mzazi wa Iguhu, wa Kiunga au wa Vanga afanyeje?

Tuseme basi yuko mama mmoja hapo, mwanawe wa kiume ana miaka mitatu na nusu. Aitwapo jina hageuki. Hamtazami mtu usoni. Akitaka maji haashirii, humshika mama mkono na kuupeleka kwenye kikombe kana kwamba mkono huo ni chombo. Siku nzima hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, na ukimvurugia mstari utalia wewe. Mama asema mtoto alikuwa na maneno mawili matatu, akaugua homa kali, maneno yakapotea.

Dalili kama hizo ndizo zilizomshughulisha Leo Kanner, daktari wa Baltimore kule Marekani, alipoandika habari za watoto 11 mwaka 1943, na ndizo Waswahili leo waziitazo usonji. Na habari ya homa si upuuzi wa mama. Mwaka 2006 madaktari waliokuwa wakichunguza watoto huko Tanzania waliandika kuwa miongoni mwao wamo ambao dalili zao zilitokea baada ya malaria kali. Watoto hao walikuwa wachache, na usonji mwingi hauna uhusiano na malaria. Lakini mahali kama Iguhu, penye mbu wake, daktari anapaswa kulisikiliza neno hilo mpaka mwisho.

Sasa mama huyu aende wapi?

Anacho nyumbani kijitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto ambacho kila mja mzito nchini Kenya hupewa. Ndani yake, mbali na chanjo na uzani, upo ukurasa wa hatua za ukuaji: kutabasamu, kukaza shingo, kuketi, kusimama, kutembea, kusema. Ukurasa huo ni mlango wa kwanza wa Serikali. Kifungue kijitabu cha mwanao uone: sehemu ya chanjo imejaa tarehe, na sehemu ya hatua huenda haina hata alama moja ya kalamu. Simlaumu nesi. Mbele yake wamejipanga watoto wenye homa na kuhara, na mtoto asiyesema hana homa, hafi leo. Huambiwa atasema tu, wavulana huchelewa. Na akishamaliza chanjo zake, mtoto hana sababu tena ya kupelekwa kliniki, na hiyo ndiyo miaka ambayo kasoro hizi huanza kuonekana wazi.

Mlango wa pili watu wengi hawaujui, nao ni mkongwe. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Wizara ya Elimu ilianza kufungua vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vijulikanavyo hadi leo kwa herufi zake, EARC. Miaka miwili baadaye, 1986, ikaundwa taasisi ya KISE jijini Nairobi ya kufundisha walimu wa kazi hiyo. Vituo hivyo vikaenea wilaya baada ya wilaya. Huko hukaa mwalimu aliyesomea upimaji. Humpima mtoto masikio kwanza, kwani aitwaye asigeuke huenda ikawa hasikii tu. Humtazama macho, mikono, namna anavyocheza na kufuata maagizo. Humwuliza mzazi habari za uzazi na ukuaji. Kisha huandika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo ufunguo. Kwayo mtoto hupelekwa shule maalumu au kitengo maalumu katika shule ya kawaida, na kwayo shule huweza kumwombea muda wa ziada katika mtihani wa taifa.

Ni jambo la kusifiwa. Nchi nyingi jirani hazikuwa na kitu cha namna hii mwaka 1984. Ila lilikuwa na kasoro tangu kuzaliwa: ofisi imewekwa Elimu, kwa hiyo humngoja mtoto afike shule. Na ilijengwa kwa ajili ya ulemavu unaoonekana kwa macho, wa kipofu, kiziwi, mwenye mguu uliopooza. Mtoto wa usonji ana miguu mizuri na uso mzuri. Na yule mwingine, mwenye akili zake timamu ila hawezi kukaa wala kushika jambo moja kwa dakika tano, ambaye madaktari humwita kwa herufi ADHD, huyo ndiye aliyepotea kabisa. Hakuna hata jina la Kiswahili lililokubaliwa na wote. Mwalimu humwona mtukutu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini katazo halikumpa mwalimu kitu cha kufanya badala yake, na mtoto asiyepigwa siku hizi hufukuzwa nje ya darasa, au mzazi huombwa kwa adabu atafute shule nyingine.

Hapo ndipo lilipo fundo la mambo. Afisa wa EARC haandiki kuwa mtoto ana usonji kama daktari aandikavyo. Akishuku, humtuma hospitali. Daktari naye akimwona mtoto wa miaka sita, humwambia mama aulize upande wa elimu. Na liko dirisha la tatu, la Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya 2003, ambalo hutaka fomu iliyojazwa na madaktari wa hospitali iliyoidhinishwa kabla ya kutoa kadi. Sheria mpya ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003; madirisha bado ni matatu. Karatasi hutembea kati yao mikononi mwa mama, na mama hutembea kwa nauli. Hata asipotozwa senti moja dirishani, bodaboda na matatu ya kwenda na kurudi Kakamega, naye kamshika mtoto anayepiga mayowe kwa sababu ya honi, ni gharama. Siku hiyo pia hakulima wala hakuuza sokoni. Nani ataifanya safari hiyo mara nne bila ya kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba ina maana?

Nimesema kuambiwa, maana tatizo letu si foleni. Kule Uingereza, ambako wengi wa jamaa zetu wamehamia, foleni ya wanaongoja kupimwa usonji imepita watu 200,000, na wapo wangojao miaka. Ni aibu kwa nchi tajiri kama ile. Lakini walau wamehesabiwa, kwa kuwa daktari wa mtaa au mwalimu aliandika barua na barua ikafika. Huku kwetu wanaongoja hawahesabiki, kwa kuwa barua haikuandikwa. Mwaka 1978 Victor Lotter alitangaza matokeo ya safari yake katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwamo, akitafuta watoto wa usonji. Aliwatafuta katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili, akawaona wachache. Wengine wakasema basi Mwafrika hana maradhi hayo. Loo! Alikwenda palipokuwa na walioletwa. Waliobaki nyumbani, nyuma ya mlango, angewaonaje?

Na kwa nini hubaki? Wachunguzi wa Kilifi, Joseph Gona na wenzake, walikaa na wazazi, walimu na matabibu wa pwani yetu, wakatoa matokeo mwaka 2015. Waliowauliza walitaja mapepo, uchawi na laana, na papo hapo wakataja taabu za uzazi, maradhi na kurithi. Na dawa zao zilikuwa vivyo hivyo, waganga, maombi na hospitali. Msomaji hatashangaa. Mzazi wa pwani haamini jambo moja. Huzunguka kote, na mzunguko huo ndio unaokula miaka. Sisemi kisomo kiachwe. Mzazi kumwombea mwanawe, kumwandikia kombe, kumsomea, hayo ni yake na Mola wake, na daktari mwenye busara hamkatazi. Ninachosema ni kuwa kombe na kituo cha upimaji havigombani. Mtoto aweza kusomewa Alhamisi na kupimwa Jumatatu. Lakini yule mganga amwambiaye mama asimtoe mtoto nje miezi sita na amletee mbuzi mweusi, huyo anakula wakati wa mtoto, nao haurudishwi. Mafunzo ya kusema na kucheza hufaa zaidi yakianza mapema.

Hapa naona pwani ina kitu ambacho Iguhu haina kwa wingi wetu. Kule mtoto huonekana kwanza na mwalimu wa chekechea, au na mhudumu wa afya wa kijiji, wale ambao Serikali iliwatangaza kuwa 100,000 mwaka 2023 na kuwapa mikoba ya kazi. Kwetu, mara nyingi aliyemtangulia mwalimu wa shule ni maalimu wa chuo. Mtoto wa miaka minne huketi mbele yake na wenziwe ishirini au thelathini, wote wanaimba alifu, be, te. Maalimu huona mara moja ni nani asiyeitika jina lake, na ni nani anayezisema aya kumi kwa sauti nzuri lakini hawezi kujibu umekula nini. Huyo wa pili huwa twamsifu kuwa ni hafidh mtarajiwa, na huenda akawa, ila yafaa apimwe pia. Kumheshimu mlemavu si somo geni kwa maalimu. Kisa cha Ibn Ummi Maktum wanakisomesha wenyewe katika sura ya Abasa. Wanachokosa ni habari kwamba iko ofisi, na kwamba neno lao lina uzito huko.

Wako watakaosema, wapewe kazi hiyo walimu wa vyuo na baadhi yao wangali wakimfunga mtoto mtukutu kamba kwenye nguzo? Neno hilo ni kweli na linauma. Lakini wapo pia walimu wa shule za Serikali wanaofanya mabaya, na hatukuacha kuwapa kazi. Na mzazi ambaye amempuuza nesi na afisa, maalimu akimwita baada ya alasiri akamwambia, "Mwanao si mtundu, mpeleke akapimwe," atakwenda.

Swali gumu zaidi ni la mama wa Iguhu aliyekwisha kupata ripoti yake. Imeandikwa apelekwe kitengo maalumu. Kitengo kiko mbali, mwalimu ni mmoja, watoto ni wa kila namna wamechanganywa. Mtaalamu wa kufundisha kusema hapatikani ila mjini, na si kila mji. Mama hukunja karatasi akaitia ndani ya kijitabu cha kliniki. Hivyo wazazi wengine husema, ya nini kusumbuka? Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Serikali hupanga walimu na vitengo kwa hesabu ya watoto waliopimwa. Mtoto ambaye hakuandikwa hana kiti katika hesabu hiyo, na afisa wa fedha atasema kwa haki yake kwamba huko kwenu hawapo.

Barua yenyewe haitaki lugha ya kidaktari. Maalimu, au mwalimu wa chekechea, au shangazi anayejua kuandika, aandike jina la mtoto na umri wake, ameanza lini kuonekana hivi, aitwapo hufanya nini, ana maneno mangapi, je, yapo aliyoyapoteza, analala vipi, nini humtisha na nini humtuliza. Atie saini na tarehe. Iandikwe kwa Afisa wa EARC, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, apewe mzazi mkononi, na nakala ibaki chuoni, kwa maana karatasi hupotea.