Pumzi na Kasumba ya Wahakiki

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki kuieleza Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, kana kwamba ni mtoto wa Hollywood asiye na ukoo nyumbani. Dai hili halina mashiko.

Kwanza, historia. Miaka 14 kabla yake, Katama Mkangi alichapisha riwaya ya Walenisi (1995), ambamo Dzombo anarushwa angani na kuifikia jamii yenye haki. Jina lenyewe ni hoja: wale ni sisi. Anayeshikilia kwamba hadithi za kisayansi zilianza Kenya kwa Pumzi, ama hajasoma Kiswahili, ama amekisoma asikihesabu.

Pili, maudhui. Katika Pumzi, miaka 35 baada ya vita vya maji, binadamu wamejifungia ndani, wakisafisha jasho na mkojo wao ili wapate cha kunywa. Asha anatoroka, anapanda mche jangwani na kuumwagia maji yake ya mwisho. Kuutafutia mche huo asili Marekani ni kuruka jibu lililo karibu. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na Januari 1999 alipigwa alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura. Msitu huo hauko mbali na Spring Valley, mtaa wenye jina la chemchemi katika jiji la Nairobi, ambako maji ya mfereji hugawiwa kwa zamu.

Tatu, fani. Ni kweli kwamba Kahiu alichunguza mbinu za filamu za miaka ya 1950, kama vile mandhari ya kuchorwa. Lakini kuazima mbinu si kuazima fikra. Tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na bado ni za Waswahili.

Hata hivyo, filamu yenyewe haiepuki lawama. Anwani yake ni ya Kiswahili na jamii yake, Maitu, ina jina la Kikuyu. Lakini watu na mitambo yake hutumia Kiingereza. Kiswahili kimeandikwa mlangoni, kikanyimwa chumba. Lawama hiyo inaiangukia pia idara yoyote ya Kiswahili itakayowaachia wengine filamu hii. Pumzi isomwe sambamba na Walenisi, na kwa Kiswahili; la sivyo, mustakabali wa Waafrika utaendelea kusimuliwa kana kwamba lugha zao hazimo.