Tuacheni Tucheze na Rangi

Kuna swali moja lililoua picha nyingi kuliko mvua na mchwa: "Sasa hii ni nini?"

Kijana wa watu amekaa uani na makopo yake ya akriliki. Amemwaga buluu, ameiburuza kwa kipande cha kadi ya plastiki, akapitisha njano juu yake. Njano imegoma hapa, imekubali pale. Ndiyo kwanza anaanza kuona kitu. Mara anapita mjomba, au mwalimu, au mshikaji wa kijiweni: "Hii ni nini? Mtu yuko wapi? Mti uko wapi?" Kijana anaona haya. Anachukua brashi nyembamba, anachora twiga juu ya ile buluu. Mjomba anaridhika, anaondoka zake. Picha imekufa.

Makala haya ni ya kumtetea yule kijana. Wakubwa watuwie radhi, hatutanong'ona.

Tuanze na mjomba. Huyu huyu anayedai aonyeshwe mti ametandika mkeka sebuleni kwake. Ukindu umetiwa zambarau na kijani, ukasukwa kwa pembe na mistari inayokimbizana toka ukingo hadi ukingo. Je, amewahi kumwuliza aliyeusuka, "Mama, mtu yuko wapi hapa?" Hajauliza. Jioni anajifunga kikoi chenye milia. Kikoi hakina simba wala machweo, na mjomba analala nacho usingizi mnono. Akifika Mwenge akakuta kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa mawingu, mti uliojikunja kama moshi usioamua uende wapi, anakizunguka mara mbili na kutikisa kichwa kwa kusifu. Basi jicho lake linajua sana kupokea umbo na rangi bila kusimuliwa hadithi. Ni pale tu vitu hivyo vinapotiwa ndani ya fremu ndipo anapogeuka askari wa upelelezi.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba picha dhahania ni maradhi ya Wazungu. Macho yetu yamelelewa nazo.

Wa pili ni bwana soko. Huyu anakuja na hoja ya tumbo: "Utakula nini? Watalii wanataka Mmasai, mbuyu na tembo." Ni kweli wanataka, na tumbo halina likizo. Anayechora tembo watano kwa siku ili mtoto apate sare ya shule, sisi hatumcheki. Tunachokataa ni pale soko linapovaa joho la utamaduni na kutuambia, "Chora kama Tingatinga, hiyo ndiyo asili yako."

Hebu tumtazame Tingatinga mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, na mnamo 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, akaona vitafanya nini vikikutana. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Miaka minne ya mtu mmoja kujaribu, na sisi tumekula juu yake zaidi ya nusu karne. Alichokibuni tumekifanya kanuni, na kanuni tumeijengea ua tuwafungie vijana ndani. Anayemfuata Tingatinga kikweli si anayenakili ndege wake. Ni yule anayeokota rangi iliyo karibu naye na kuithubutisha.

Wa tatu ndiye mgumu, na tumheshimu kwa sababu ana uchungu. Anasema: "Watu hawana maji, hospitali hazina dawa, na wewe unamwaga rangi? Msanii wa Afrika hana nafasi ya kucheza."

Hoja hii imekwisha kupimwa mahali pagumu kuliko kwetu. Mwaka 1985, Afrika Kusini ikiwa inawaka, wachoraji David Koloane na Bill Ainslie walianzisha warsha za Thupelo. Wasanii, wengi wao weusi kutoka vitongoji, walikusanyika kwa muda mfupi, wakapewa akriliki kwa wingi na turubai kubwa, wakafanya majaribio bila kuulizwa picha itauzwa wapi. Wengi wakaingia katika udhahania. Lawama zikamiminika: mnaiga Marekani, nchi inaungua nyie mnachezea rangi! Lakini fikiri, msomaji. Msanii mweusi wakati ule alikuwa amekwisha pangiwa cha kuchora: vibanda vya mabati, mama mnene, watoto wenye njaa. Ndicho wanunuzi walichokingoja kutoka kwake. Ubaguzi ulimpangia pa kuishi, soko likampangia pa kutazama. Kumwaga rangi bila kibali cha mtu, je, huko kulikuwa kukimbia siasa? Koloane, aliyefariki mwaka 2019, baadaye alichora mbwa wakali wa usiku, moshi na msongamano wa magari wa Johannesburg, kwa mkono usioogopa rangi. Mchezo haukumwibia mji wake.

Na Alma Thomas je? Mwanamama mweusi wa Marekani, mzaliwa wa 1891, alifundisha sanaa katika shule ya Washington miaka 35. Alipostaafu mwaka 1960 ndipo alipojitumbukiza katika picha dhahania za akriliki: vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kama mvua au kama duara la jua. Ilikuwa miaka ya mapambano ya haki, na wasanii weusi walitakiwa waonyeshe ngumi. Yeye akachora mwanga unaopita kwenye majani nje ya dirisha lake. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufanya onyesho la peke yake katika jumba la Whitney, New York. Nani atasema bibi yule alikuwa mtoro?

Mwenye shida ndiye hasa anayenyimwa mchezo. Tajiri akicheza anaitwa mbunifu. Maskini akicheza anaitwa mvivu. Hilo ndilo tunaloligombea.

Sasa tugeukie upande wetu, maana kuna wenzetu wanaotuharibia. Mtaani siku hizi "kufanya usanii" maana yake ni kutapeli. Tumechangia wenyewe! Mtu anarusha rangi mara tatu, anaandika chini "Safari ya Nafsi Iliyojeruhiwa", anadai dola mia tano. Ukimwuliza alijaribu nini, anakuletea falsafa. Huyo hachezi. Mchezo una jasho na una sheria. Bao lina mashimo 32 na kete 64, wala halina picha ya kitu chochote, lakini jaribu kukaa na mzee aliyelizoea uone kama ni upuuzi!

Akriliki yenyewe imeumbwa kwa mchezo wa namna hiyo. Ni chembe za rangi zilizoshikwa na plastiki ndani ya maji. Ikiwa mbichi unaizimua kwa maji ya bomba. Ikikauka, maji hayaiwezi tena. Rangi ya mafuta inaweza kukuweka siku kadhaa ukingojea tabaka la chini. Akriliki, kwa joto la pwani, hukauka chai ikipoa. Maana yake ukivuruga saa nne, saa nne na nusu unapaka juu na la chini halichafuki. Ni rangi inayokusamehe haraka.

Basi jiwekee sheria. Leo rangi mbili na nyeupe, basi. Kesho hakuna brashi: chanuo, sifongo, kipande cha gunia. Keshokutwa inamisha hadibodi, rangi iteremke yenyewe, kazi yako ni kuamua wapi uizuie. Akriliki ni ghali, tunajua. Chukua vipande vya boksi, vipake nyeupe ya ukutani, fanya vidogo kama daftari. Fanya kumi. Nane zitakuwa takataka. Zile mbili zitazame wiki nzima kabla hujamwonyesha mtu.

"Hata mwanangu wa miaka mitano anaweza!" Anaweza kuanza, tena pengine kukuzidi. Asichoweza ni kuacha. Ataendelea kukoroga mpaka nyekundu, kijani na njano zote ziwe tope. Kujua ni sasa, weka brashi chini, hiyo ndiyo kazi, nayo hailetwi na vyeti.

Wenzangu wa kalamu msidhani haya hayawahusu. Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, bila kufuata vina na mizani, wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo husomwa madarasani. Walinzi wa lango ni wale wale, wamebadilisha kofia tu. Nanyi mnaotuletea hadithi zinazoishia na funzo lililopigiwa mstari, mnamchorea mjomba twiga.

Kwa hiyo, kijana, mjomba akipita tena uani na swali lake, usimjibu kwa falsafa, wala usishike brashi nyembamba. Msogezee kigoda. Mwambie akae atazame, kama anavyoutazama mkeka wake. Akichoka ataondoka. Wewe endelea, maana buluu bado mbichi.