Udugu Haulipi Gesi



Kuna maneno ambayo tukikutana harusini na misibani tunayanong'ona, kisha tukirudi majumbani tunayasahau. Leo nitayasema kwa sauti, na atakayeudhika aniwie radhi. Biashara ndogo ndogo wanazofanya mama zetu na dada zetu majumbani hapa Uingereza haziuawi na serikali, wala na kodi, wala na Waingereza. Tunaziua sisi wenyewe tulio wateja wao, na silaha tunayoitumia tumeipa jina zuri. Tunaiita udugu.

Tazameni shughuli zetu zinavyopangwa. Harusi ikikaribia, kamati inakaa. Ukumbi unalipiwa arbuni miezi kadhaa kabla, na hakuna anayethubutu kumwambia mwenye ukumbi "tutaonana". Mpiga video analipwa. Kikundi cha taarabu kinalipwa, tena kabla hakijafungua vyombo vyake. Kisha anakuja mama wa sambusa 400, kachori, visheti na masinia ya pilau, mama aliyekesha siku mbili jikoni, na huyo ndiye anayeambiwa: "Bibi, sisi si watu wa nyumbani? Tutakuona wiki ijayo." Wiki ijayo inakuwa mwezi ujao. Akipiga simu mara ya tatu anaambiwa ana tamaa, na habari zake zinafika mji wa pili kabla ya pesa zake kumfikia yeye.

Nauliza: kwa nini udugu huu unamshukia mpishi peke yake? Mbona mpiga video naye ni mtoto wa jirani na hakopwi? Jibu tunalijua, ila tunaona haya kulitamka. Kazi ya mwanamume tunaiita kazi. Kazi ya mwanamke jikoni tunaiita mapenzi, na mapenzi hayana bei.

Basi tuifanyie hesabu. Chukueni kalamu. Tuseme mama anauza sambusa 100 kwa paundi 50, yaani peni 50 kila moja. Nyama ya kusaga, vitunguu, unga wa manda, bizari, ndimu, mafuta, gesi na vibweta vya kubebea vimemgharimu paundi 30. Zimebaki 20. Lakini kupika nyama, kusukuma na kuchoma manda, kufunga sambusa moja moja, kukaanga na kuosha jiko kumemchukua saa tano. Gawanyeni wenyewe: paundi nne kwa saa. Mwezi wa Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara hapa Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilipandishwa kuwa paundi 12.21 kwa saa. Angekwenda kufagia ofisini angelipwa mara tatu ya tunavyomlipa sisi kwa ufundi aliourithi kwa mama yake. Akitaka kulipwa kima hicho tu, bila faida hata peni, sambusa zake 100 zinasimama paundi 91. Maana yake ni kwamba sambusa ya paundi moja si ghali. Sambusa ya paundi moja ndiyo kwanza inaanza kuwa biashara.

Najua mtakavyosema. "Lakini anapikia nyumbani, hana kodi ya duka." Kweli hana kodi ya duka. Ana kodi ya nyumba, ana umeme wa friza inayonguruma usiku na mchana, ana watoto wanaokula mkate mkavu siku ya oda kubwa kwa sababu meza yote imejaa manda. Nyumba si bure kwa kuwa sisi hatuoni bili zake. Na wewe unayelia ghali, mkahawani unalipa paundi tatu na zaidi kwa kikombe cha kahawa, humwambii yule kijana akupunguzie kwa kuwa mnajuana sura.

Wengine watasema: "Basi kila kitu kimekuwa pesa? Utu wetu umekwenda wapi?" Hili ni neno zito, na halifai kudharauliwa. Hatukuja ugenini kuuacha ubinadamu. Msiba ukitokea, wanawake wanapika bure na Mungu ndiye mlipaji. Hakuna mwenye akili anayedai ankara matangani. Lakini harusi yenye ukumbi wa maelfu ya paundi si msiba. Tofauti ya sadaka na biashara ni kwamba sadaka anaitoa mwenye mali kwa hiari yake. Ukiichukua wewe bila yeye kukupa, jina lake si sadaka.

Wala biashara ya nyumbani si aibu kwetu, wala si mambo tuliyojifunza Ulaya. Tumelelewa na vitumbua na maandazi ya alfajiri, na barafu zilizouzwa dirishani, na mama waliosomesha watoto kwa sinia ya kashata. Siti binti Saad mwenyewe, kabla sauti yake haijavuka bahari, alikuwa akiuza vyungu. Na walionunua vile vitumbua walilipa papo hapo, maana muuzaji alikuwa na unga wa kununua kesho. Ugenini ndiko tulikojifunza kula leo na kulipa tukikumbuka.

Sasa nawageukia wenyewe wauzaji, msidhani nimewasahau. Nanyi mna lenu, na kubwa ni kujificha. Mama anauza miaka sita, lakini kaunsili haimjui, benki haimjui, hata daftari hana. Fedha za sambusa zinakaa kopo moja na za chakula cha watoto, na ndugu wa nyumbani akipiga simu ana shida, kopo linafunguliwa. Mwisho wa mwaka hajui kama amepata au amekula mtaji. Biashara isiyo na daftari ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Anajificha kwa sababu anaogopa sheria, na sheria hajaisoma. Kujiandikisha kaunsili kama muuzaji wa vyakula hakulipiwi hata peni, na kaunsili haiwezi kulikataa ombi hilo. Sharti ni kujiandikisha siku 28 kabla ya kuanza. Atakuja afisa kutazama usafi wa jiko, halafu atatoa alama, kwa Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini kuanzia sifuri mpaka 5. Ile 5 ndiyo cheti cha kumwonyesha mwalimu mkuu, meneja wa ofisi au mwenye mkahawa anayetaka vitafunio vya mkutano. Hao ndio wanunuzi ambao hawakopi, na hawamgusi mtu asiyeandikishwa. Anayebaki mafichoni anabaki na wateja wa namna moja tu, yaani sisi, na sisi nimeshaeleza tulivyo.

Kodi nayo si dubwana. Tangu mwaka 2017 sheria inasamehe paundi 1,000 za mwanzo za mauzo ya biashara ndogo kwa mwaka. Ukivuka hapo, waulize watu wa kodi namna ya kujiandikisha, na ujue kwamba kinachotozwa kodi ni faida, si kila paundi iliyopita mkononi. Ndiyo maana risiti ya unga na nyama ni mali, itunze. Anayepokea msaada wa serikali na atangaze mapato yake. Mpangaji na aulize kwanza kwa mwenye nyumba. Mwenye viza ya uanafunzi asidanganywe na mtu, viza ile hairuhusu kujiajiri, na sambusa zisije zikamrudisha kwao. Mlio Muscat, Toronto au Minneapolis, sheria zenu ni nyingine, lakini dawa ni ileile: zisomeni kabla hamjaziogopa.

Na kuna jambo moja ambalo si la kodi wala la pesa, ni la roho za watu. Mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ndani ya unga wake, ufuta ambao haukuandikwa popote. Kutokana na kifo kile, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungwa tayari na kuuzwa palepale lazima kiwe na lebo yenye viambato vyote, na vile 14 vinavyoleta aleji vikolezwe. Anayeagiza kwa simu lazima aelezwe kabla hajanunua, na tena anapoletewa. Ufuta umo katika orodha hiyo, pamoja na njugu, korosho, lozi, maziwa, mayai, ngano, samaki na kamba. Ebu fikirini vyakula vyetu: mkate wa ufuta, kashata, halua, biriani ya sherehe yenye korosho. Tunavitia mfukoni bila kuandika neno, tunamkabidhi mtoto apeleke shuleni siku ya utamaduni. Mwenye kuuza asiseme "sisi kwetu hatuna aleji". Wateja wa kesho si wa kwetu peke yao.

Kosa lenu la mwisho ni kuigana na kuuana bei. Mmoja akifanikiwa kwa vileja, wiki ya pili wanazuka watano wa vileja, kila mmoja amepunguza peni kumi. Mwisho wote sita wanafanya kazi bure, na mnunuzi anacheka. Kwa nini asiwepo wa mikate ya kumimina, mwingine wa achari, mwingine wa pilau ya masinia, wakapelekeana wateja? Michezo ya kupeana fedha kwa zamu tunaiweza tangu zamani, tunaaminiana kwa mamia ya paundi kila mwezi bila karatasi. Tushindwe kukubaliana bei ambayo hakuna kati yetu atakayeishi kwa hasara?

Kwa hiyo nazitaka jumuiya zetu zote, zenye wenyeviti, makatibu na mihuri, zipitishe mambo matatu katika mkutano wao ujao. Kwanza, oda yoyote ya shughuli ya jumuiya ilipiwe nusu siku inapoagizwa, na nusu ya pili mlangoni, kabla chakula hakijashuka garini. Pili, jina la mpishi liingie katika bajeti kabla ya jina la mpiga video. Tatu, wale vijana wetu wanaojua fomu na kompyuta wakae na mama hawa Jumamosi moja kila mwezi, wawaandikishe na wawafungulie daftari. Hili la tatu ndilo udugu. Lile la "tutakuona" lina jina lake, na kila mwenye deni analijua.

Mabinti zetu wanaangalia. Wanamwona mama akifunga manda hadi saa nane za usiku, kisha wanamsikia akibembeleza pesa zake kwenye simu. Wanajifunza kwamba ufundi huu ni utumwa, na hawatautaka. Siku hiyo sambusa tutainunua dukani, imegandishwa, imetengenezwa kiwandani na watu wasiotujua, na tutailipia papo hapo bila kunung'unika. Mwenye deni la harusi ya mwaka jana, simu unayo mkononi. Mlipe leo.