Mgodi unapunguziwa facture, avenyu yetu je?

Vijana wenzetu,

Mwaka jana kabine ya kartie yetu, hapa Lubumbashi ku Katuba, iliungua. Tulikaa ndani ya giza wiki nyingi. Mwisho wazee wa avenyu walikutana wakasema: kila nyumba itoe falanga. Juu mimi nimemaliza licence ya uchumi na kazi sina, wakanipa daftari. "Huyu njo anajua kuhesabu, na wakati iko nao." Watu walicheka, mimi pia nilicheka kidogo.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Papa mmoja fundi wa viatu alilipa kwa mara tatu. Mama muuza sombe alitoa pesa aliyokuwa anaweka kwa ajili ya masomo ya mtoto. Waya, nguzo, mafuta ya kabine, hata usafiri wa mafundi: yote iko ndani ya daftari, na majina. Courant ikarudi. Facture nayo ikarudi, kamili, kama vile hakuna mtu aliyetoa kitu.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2021 Kamoa Copper, inayochimba shaba karibu na Kolwezi, ilikubaliana na kampuni ya umeme ya taifa kutoa pesa za kutengeneza mashine ya tano ya Inga II, megawati 178. Pesa hiyo inahesabiwa kuwa mkopo, na mgodi unarudishiwa kwa kukatiwa asilimia 40 ya facture yake ya kila mwezi. Hatusemi ni wizi. Mashine ilikuwa imesimama, mtu ametoa pesa yake, arudishiwe. Ni haki kabisa.

Lakini papa fundi wa viatu naye alitengeneza mali ya taifa. Kwa nini pesa yake iitwe "mchango" na ya mgodi iitwe mkopo?

Watatuambia serikali haina pesa ya kusaidia kila nyumba. Kwanza, serikali inajua sana kusaidia: kwa miaka mingi imekuwa ikilipa kampuni za mafuta pengo la bei ili esansi isipande. Mwenye jeep mbili anasaidiwa mara mbili. Mama anayepika bukari kwa mbabula, na mufuko wa makala unapanda kila msimu wa mvua, hasaidiwi hata mara moja. Pili, hapa hatuombi pesa itoke kwa hazina. Tunaomba facture ipungue kidogo kidogo mpaka ile nyumba ilitoa imalizike. Njia iko. Imeandikwa tayari, kwa ajili ya wakubwa.

Watasema tena: watu wataandika daftari za uongo. Ndiyo, wengine watajaribu, tunajuana. Basi vitu vinunuliwe mbele ya chefu wa avenyu na fundi wa kampuni, karatasi isainiwe siku ile ile, nakala moja ibaki kwa wenye nyumba. Hiyo si kazi ya kushinda watu wanaojua kuhesabu asilimia 40 ya facture ya mgodi.

Kuna jambo linatusumbua sisi wenyewe, na tusilifiche. Kupunguza facture kunasaidia mwenye facture. Katika inchi hii ni karibu mtu mmoja tu kwa watano anayepata umeme. Laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi inakimbia karibu kilometa 1,700, juu ya vijiji vinavyoiona tu ikipita. Kwa hiyo dai letu lina miguu miwili: aliyetoa kwa kabine arudishiwe, na ambaye hajaungwa asidaiwe pesa yote siku ya kwanza, alipe polepole juu ya facture. Katiba, kifungu cha 48, inasema kupata umeme ni haki. Haisemi ni haki ya mwenye kununua nguzo.

Sasa kazi. Kama avenyu yako ilichangia kabine, waya ao nguzo, tafuta daftari kabla panya hawajaila. Piga picha kila ukurasa, na bei, na tarehe. Majina ya watu yasiwekwe mitandaoni. Leteni kwa wenzetu wa komini yako. Tutajumlisha hesabu avenyu kwa avenyu na kuipeleka kwa wabunge wa mkoa, mkononi, tukiomba watusainie kwamba wameipokea. Mimi nitaanza na ya kwetu: kurasa kumi na nne, na ya mwisho iko na alama ya mafuta ya kabine.