Kwa Wazee wa Kanisa na Washarika Walioko Nyumbani



Barua hii, itokayo kwa msharika aliyeko ughaibuni, inahusu namna sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zinavyoongozwa, kwa kuwa fedha zinazotumwa kutoka nje nazo huathiri uongozi huo.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeanza kazi Uchagani mwaka 1902, aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, ingawa uamuzi wa mwisho ulibaki kwa mmisionari, na huo ndio uongozi wa kibaba, yaani ule unaowapenda watu bila kuwakabidhi madaraka. Waingereza walipowaondoa wamisionari wengi wa Kijerumani mwaka 1920, ibada na mafundisho ya ubatizo viliwaangukia walimu na wazee Waafrika, na kanisa, ambalo wengi wangetarajia lisambaratike, likasimama. Upande wa Bukoba, Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ulienezwa kwa sehemu kubwa na walei, yaani waumini wasio na daraja la uchungaji, wake kwa waume, ambao hawakuogopa kumtaka hata mchungaji atubu. Katika mazingira hayo alikulia Josiah Kibira, askofu aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984.

Historia hii inaonyesha kwamba kanisa husimama kwa wazee na walei wake. Ni kweli kwamba kiongozi mmoja mwenye karama anaweza kukusanya umati kwa muda mfupi, tena kuliko baraza lolote la wazee. Lakini ukuaji wa namna hiyo humtegemea yeye, na akiondoka bila kuandaa warithi, mara nyingi waumini hugawanyika wakigombea jina na majengo. KKKT, iliyoundwa mwaka 1963 kwa muungano wa makanisa saba, imeenea kwa sababu kila mtaa una mwinjilisti na wazee wanaojua nani anaumwa na nani ameacha kuja ibadani.

Kwa hiyo mchango wa ughaibuni unaotumwa moja kwa moja kwenye simu ya mchungaji, hata ukitolewa kwa moyo safi, unawapokonya wazee kazi yao. Ombi la barua hii ni kwamba kila mchango upokelewe na mtunza hazina, utangazwe ibadani pamoja na sadaka nyingine, na matumizi yake yaamuliwe na baraza la wazee, likianza na posho ya mwinjilisti wa mtaa.