Mfungwa Hatari Ndiye Asiyesimamiwa

Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo wanaikumbuka miaka ambayo mabasi hayakupita njia ile bila kusindikizwa na polisi. Waliokamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yao haipungui miaka 30. Lakini kifungo huisha. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 haiwahusu wafungwa wa kosa hilo. Wenye makosa mepesi ndio watokao wakiwa na msimamizi. Jambazi hufunguliwa lango, basi! Hakuna wa kumwuliza analala wapi. Tunaona mambo yamepinduliwa. Bunge liirekebishe sheria, naye aripoti kwa ofisa kila wiki katika miaka ya mwanzo. Nasi misikitini tusimpe kisogo: mwenye shamba la migomba akimpa kazi, atamwona mara nyingi kuliko ofisa.