SENTI TANO KWA KILA TANI



Wako watu wasemao ya kuwa kazi ya chama cha wafanya kazi ni kudai mshahara tu, na ya kuwa mambo ya hospitali ni ya Serikali na wamisheni. Maneno hayo si kweli. Leo twataka kuwapa habari za wafanya kazi wenzetu, wachimba makaa ya mawe wa Marekani, wakaao katika milima iitwayo Appalachia, pande za Kentucky, Virginia na West Virginia. Someni hata mwisho, kisha tuulizane yatuhusu nini.

Zamani katika milima ile nyumba zilikuwa za kampuni, duka lilikuwa la kampuni, na daktari naye alikuwa wa kampuni. Kila mwezi mchimba makaa alikatwa fedha za daktari, wala hakuulizwa kama amtaka daktari yule au hamtaki. Mtu akivunjika mgongo ndani ya shimo, daktari huyo huyo aliyewekwa na kampuni ndiye aliyesema kama ameumia sana au kidogo. Wazee wetu waliokaa nyumba za reli watafahamu upesi, kwa maana wajua ilivyo kulala chini ya paa la mwajiri wako.

Mwaka 1946 chama chao, kikiongozwa na John L. Lewis, kiligoma. Wachimba makaa wapata 400,000 waliweka sururu chini. Serikali ya Marekani ikayashika mashimo, na mwezi wa Mei waziri wake, Bwana Krug, akatia sahihi mapatano na Lewis. Katika mapatano hayo mlikuwa na jambo jipya: kwa kila tani ya makaa ichimbwayo, senti 5 zitatiwa katika mfuko wa afya na malipo ya uzeeni wa wafanya kazi. Tena ilikubaliwa hali ya afya katika vijiji vya mashimo ichunguzwe. Uchunguzi ukafanywa na maofisa wa jeshi la majini, na taarifa yao ya mwaka 1947 ilieleza wazi uchafu wa maji, ubovu wa vyoo, na upungufu wa hospitali.

Senti 5 ni kitu gani? Haba na haba hujaza kibaba. Chama hakikulala, kikadai tena na tena, na kufika mwaka 1952 zilikuwa senti 40 kwa kila tani.

Kazi ya kwanza ya mfuko ule ilikuwa kuwatafuta watu waliosahauliwa. Huko mabondeni walikuwako wanaume waliovunjika migongo miaka mingi, wamelala vitandani bila matibabu yafaayo. Walichukuliwa kwa machela, wakatiwa katika mabehewa ya kulalia, wakasafirishwa kwa gari la moshi hata California, upande wa pili wa nchi, wakafundishwa kukaa na kujitegemea tena. Sisi wa reli tunapochukua abiria na shehena, yafaa tukumbuke kwamba njia ya chuma imepata kuchukua na heshima ya mfanya kazi.

Kisha chama kikaona kupeleka watu mbali hakutoshi. Mwaka 1956 mfuko ulifungua hospitali 10 katika milima ile ile, kama vile Harlan, Hazard, Whitesburg na Beckley, zenye vitanda zaidi ya 1,000 kwa jumla. Madaktari walilipwa na mfuko, si na kampuni.

Lakini sikilizeni shida iliyokuja. Mashine ziliingia mashimoni. Kazi iliyofanywa na watu kumi sasa ilifanywa na wawili. Wachimba makaa waliozidi 400,000 mwaka 1948 walikuwa wamebaki wapata 150,000 mwaka 1961. Tena wenye mashimo madogo wengi walikataa kutoa zile senti zao. Mfuko ukapungua, watu wakanyang'anywa kadi za matibabu, na mwezi wa Oktoba 1962 ikatangazwa kwamba hospitali 4 za Kentucky zitafungwa. Hebu fikirini: kazi imekwisha, na sasa daktari naye aondoka!

Watu hawakukubali. Kanisa la Presbyterian likashika mashauri, Serikali ikatoa fedha, na mwaka 1963 likaundwa shirika la kuzinunua hospitali hizo, kwanza 5, kisha 5 nyingine mwaka 1964. Shirika hilo lipo hata leo, nalo laitwa Appalachian Regional Healthcare. Lina hospitali zaidi ya 10 na zahanati nyingi katika Kentucky na West Virginia, na ni shirika lisilo la faida.

Maneno haya, "lisilo la faida," yafaa tuyaeleze, maana wengi huyasikia vibaya. Maana yake si kwamba hospitali haitozi fedha, wala si kwamba watu wake hufanya kazi bure. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye hisa anayekaa mji wa mbali akingoja gawio mwisho wa mwaka. Fedha zikibaki, hazina budi kurudi katika kazi ile ile: kununua mashine, kufungua zahanati, kuleta daktari mahali pasipo na daktari.

Na hospitali ya mashambani haitibu tu. Shimo la makaa likifungwa, duka nalo hufungwa, na vijana huhama. Lakini hospitali ikibaki, wauguzi, wapishi, mafundi, madereva na makarani hubaki. Mshahara wao hununua unga katika duka la hapo hapo, na hulipia karo katika shule ya hapo hapo. Pande za kusini-mashariki ya Kentucky shirika hili ni mmoja wa waajiri wakubwa kabisa. Hayo ndiyo maana ya kuweka mali katika watu wa mahali.

Tena iko sheria. Tangu mwaka 2010 sheria ya Marekani yaitaka kila hospitali isiyo ya faida ichunguze, kila miaka 3, ni magonjwa gani na shida gani ziwasumbuazo watu wa mahali pake, iwaulize wenyewe, kisha iandike itafanya nini. Maandishi hayo hutolewa hadharani, na kila mtu aweza kuyasoma. Hospitali haiwezi kusema, "Twawasaidia wananchi," ikanyamaza.

Lakini tusidanganyike kwamba mahali pasipo na mwenye hisa hapana ugomvi wa kazi. Mwezi wa Oktoba 2007 wauguzi zaidi ya 600 wa shirika hilo hilo waligoma, wakisema ya kuwa wauguzi katika wadi ni wachache mno, na ya kuwa walazimishwa kufanya saa za ziada. Muuguzi aliyechoka ni hatari kwa mgonjwa, kama vile dereva aliyechoka alivyo hatari kwa abiria. Basi hata nyumba iliyojengwa kwa jasho la chama yahitaji chama ndani yake.

Mwezi wa Julai 2022 mafuriko makubwa yaliipiga Kentucky ya mashariki, yakaua watu zaidi ya 40. Wilaya za Hazard na Whitesburg zilikuwa katikati ya balaa ile. Miji hiyo ndiyo ile ambayo hospitali zake zilitakiwa kufungwa miaka 60 iliyotangulia. Lau watu wa 1962 wangalinyamaza, majeruhi wangalipelekwa wapi, na barabara zimekatika?

Sasa tuje kwetu. Tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu Kenya aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa mfuko wa afya wa jamii, uliochukua mahali pa mfuko ule wa tangu 1966. Fedha hizi si zawadi ya mtu, ni mshahara wetu. Nasi twaona mambo matatu.

La kwanza, anayekatwa ana haki ya kuuliza. Katika kila mkutano wa tawi na iulizwe: mwajiri amepeleka fedha zetu? Kituo kilicho karibu chapokea kadi yetu? Dawa zipo? Majibu yaandikwe, yaletwe kwa Katibu.

La pili, tusitegemee nguzo moja. Mfuko wa wachimba makaa ulisimama juu ya tani za makaa, na tani zilipowaangusha watu wa kazi, mfuko ukatetemeka. Mstaafu na aliyepunguzwa kazini wasisahauliwe katika madai yetu, kwa maana sisi sote tutafika huko.

La tatu, tudai huduma ikae karibu na watu. Mwanachama wa stesheni ndogo, mkewe na watoto wake, wana haki sawa na aliye Nairobi au Mombasa. Zahanati ya mashambani yenye muuguzi na dawa ni mali ya wilaya nzima.

Wachimba makaa walianza na senti 5 juu ya meza ya mapatano. Hawakungoja kuhurumiwa, na kilichojengwa kwa senti zao chatibu wajukuu wao hata leo. Sisi nasi tuna chama, tuna makato, na tuna midomo. Njoni mkutanoni mwulize.